Mwaka wa Kampasi Mbili

Wairimu alifika siku ya pili baada ya kumzika Tantine, akiwa amechoshwa na safari ndefu ya gari kutoka mji wa bara anakofanya kazi ya ukunga. Nilimwona kupitia dirisha la sebuleni akiegesha kando ya barabara, kisha akabaki ndani ya gari kwa muda, mikono juu ya usukani, akiitazama nyumba. Hatukuwa tumeonana kwa miaka mingi. Tulikuwa tukitumiana salamu za Krismasi na picha za watoto, basi. Alipoingia, kina mama wa kanisa walikuwa wamejaa sebuleni, na mmoja wao akataka kujua mimi na mgeni huyu tunajuana vipi. Nikamwambia tulisoma chuo kikuu pamoja hapa Sydney, kampasi moja, mpaka mwaka ule Wairimu alipotaka tuhamie kampasi ya mjini. Wairimu akaweka mkoba wake chini taratibu. "Mimi?" akasema. "Furaha, si ni wewe ulitaka tuhame? Mimi nilikuwa sawa pale nilipokuwa." Yule mama akatutazama kwa zamu, akatabasamu, akarudi kwenye mazungumzo yake. Lakini mimi nilibaki nimesimama na birika la chai mkononi. Maisha yangu yote ya utu uzima nimeamini kwamba wazo lile lilitoka kwake. Nimewasimulia hivyo mume wangu na watoto wangu. Na sasa mwenye wazo ananiambia, bila hasira, kwamba wazo halikuwa lake.

Kwa hiyo nitajaribu kuueleza mwaka ule kama ninavyoukumbuka, nikijua kwamba kuna mtu mwingine anaukumbuka vingine. Tulikuwa mwaka wa pili wa shahada ya sayansi ya afya. Sote wawili tulitaka udaktari, na katika nchi hii wengi husoma kwanza shahada nyingine, kisha hufanya mtihani wa kuingilia, kisha huomba nafasi, kisha huitwa kwenye usaili wakibahatika. Mimi niliishi Granville na mama yangu mdogo, ambaye nilimwita Tantine kama tunavyowaita sisi wa Kongo. Wairimu aliishi karibu na Parramatta na mama yake, muuguzi kutoka Nyeri. Nyuma ya nyumba ya Tantine kulikuwa na chumba kilichokuwa cha kufulia kabla hatujahamia. Ndani yake palikuwa na friza kubwa ya samaki na majani ya sombe, kile kisamvu chetu, magunia ya unga, viti vya plastiki vya kanisa vilivyopangwa hadi darini, na meza ndefu ambayo mguu wake mmoja tuliuegemeza kwa kipande cha ubao. Hapo ndipo tuliposomea. Kuta zilikuwa baridi, friza ilinguruma kama mtu anayetaka kusema kitu akaahirisha, na harufu ya ndakala, wale dagaa wakavu, iliingia kwenye daftari zetu hata mhadhiri mmoja alimuuliza Wairimu kama anafuga paka. Tantine alipakia mizigo kwenye ghala moja la Smithfield. Alitoka kabla hakujapambazuka, na mchana alikuwa amesharudi, ameoga, amejifunga kitenge, anapika. Alikuwa akisukuma mlango wa chumba chetu kwa kiwiko, sahani mikononi, na kusema neno lile lile: "Mukule kwanza. Ile kitabu haitakimbia."

Kampasi yetu ya magharibi ilikuwa majengo mafupi yaliyozungukwa na maegesho ya magari na miti mirefu ya mikalitusi. Majira ya machipuo ndege weusi wenye mabaka meupe walikuwa wakitaga humo, na mtu akipita chini ya mti wao walimshukia kichwani, hivyo wanafunzi walitembea wamefunika vichwa kwa mikoba. Nilipapenda. Maktaba ilikuwa na meza moja pembeni, karibu na mashine ya kunakili, ambayo watu walikuwa wameshaijua kuwa ni ya kwetu. Mhadhiri wa fiziolojia alitujua kwa majina na aliyatamka vizuri. Lakini chuo kilikuwa kimoja chenye kampasi mbili, na ile nyingine ilikuwa jengo refu la vioo katikati ya jiji, mwendo mfupi kutoka kituo kikuu cha treni, lenye maabara ya anatomia tuliyoionea picha tu. Shahada ilikuwa ile ile, na jina la chuo kwenye cheti lilikuwa lile lile. Hilo ndilo lililotuchanganya tangu mwanzo, kwa sababu kama kweli vilikuwa sawa, kwa nini kila mtu aliposikia tunasoma wapi alinyamaza kidogo kabla ya kusema hongera?

Ninavyokumbuka mimi, mazungumzo yalianzia nyumbani kwa kina Wairimu, Jumapili moja baada ya kanisa. Mama Wairimu alikuwa ametuandalia chai ya maziwa na mandazi, na sare yake ya kazi ilikuwa imening'inia mlangoni imeshapigwa pasi kwa ajili ya zamu ya kesho. Alikuwa mama mkarimu ambaye alizungumza kama mtu anayepokea wagonjwa: upesi, kwa upole, akiwa ameshaamua. Akasema, "Wale madaktari wadogo wote kwa wodi yetu, nawauliza wamesomea wapi. Hakuna hata mmoja ameniambia hiyo kampasi yenu." Wairimu akamjibu kwamba labda hajawauliza wote. "Nimewauliza wa kutosha," mama akasema, akanisukumia sahani. "Furaha, kula, mami. Mimi sisemi muhame. Nasema mjue." Tulitoka hapo tukiwa tumeshajua kitu ambacho hatukujua tukifanye nini. Wairimu anasema Jumapili ile haikuwa mwanzo. Anasema mimi nilikuwa nimeshalitaja jambo hilo majuma kadhaa nyuma, katika chumba cha friza, na kwamba yeye ndiye aliyekwenda kumuuliza mama yake kwa sababu yangu. Inawezekana. Sina namna ya kulikataa.

Tukaanza kutafuta ushauri, na hapo ndipo tulipopotea kabisa. Mshauri wa wanafunzi wa kampasi yetu, bwana mwenye ndevu nyeupe aliyekuwa na bakuli la peremende mezani, alituambia haijalishi hata kidogo umesomea kampasi gani, cha maana ni wastani wa alama na mtihani wa kuingilia. Tukatoka tumefurahi. Mshauri wa kampasi ya mjini, tuliyempigia simu, akasema inategemea. Tukamuuliza inategemea nini, akasema inategemea chuo cha udaktari chenyewe, mwaka wenyewe, na mwombaji mwenyewe. Akaongeza kwamba baadhi ya masomo tuliyoyamaliza huenda yasihesabiwe kule, na kwamba wanafunzi wanaohama mara nyingi alama zao hushuka kidogo mwanzoni. Kijana mmoja wa kanisani aliyekuwa tayari anasomea udaktari akatuambia tuhame haraka. Mwenzake, aliyekuwa darasa moja naye, akatuambia tusithubutu, kwa sababu kuna nafasi zinazotazamwa kwa jicho la huruma kwa watoto wa magharibi mwa jiji, na tukijichanganya na wa mjini tutazikosa. Tukarudi kwa yule bwana wa peremende kumuuliza kuhusu hilo. Akafikiri kwa muda mrefu, akasema, "Hilo sasa, inategemea." Toka siku hiyo neno hilo likawa letu. Tantine akiuliza kama bugali imeiva, Wairimu anajibu, "Inategemea."

Tulikwenda kuiona ile kampasi siku walipowafungulia wageni. Tulipanda treni Granville, tumevaa vizuri kama tunakwenda kwenye harusi ya watu tusiowajua sana. Ndani ya lile jengo hewa ilikuwa na harufu ya zulia jipya. Palikuwa na mkahawa kwenye ghorofa ya chini, watu wamejaa, wanazungumza kwa ile sauti ya watu waliojuana tangu shule ya msingi. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu, msichana mwenye kofia ya chuo, alituongoza kwenye chumba cha makumbusho ya anatomia, kati ya makabati ya vioo yenye mioyo na mapafu yaliyohifadhiwa. Wairimu akamuuliza kama wengi wao wanaomba udaktari. "Wote tunaoomba udaktari tuko hapa," yule msichana akasema, akacheka. Kwenye treni ya kurudi hatukuzungumza juu ya kitu kingine. Wairimu alisema, "Umesikia? Wote wako hapo. Kwa hivyo ni pazuri." Mimi nikasema ndiyo maana hapatoshi, kila kiti kina watu wanaokipigania. Tulipofika Strathfield alikuwa ameanza kunielewa, akasema labda kweli ni afadhali kubaki mahali tunapojulikana. Lakini kufikia hapo mimi nilikuwa nimeanza kumwelewa yeye, na mioyo ile kwenye vioo ilikuwa haijatoka kichwani mwangu. Tuliposhuka Granville kila mmoja alikuwa amebeba maoni ambayo mwenzake alipanda nayo treni ya kurudi. Nadhani ndiyo sababu leo hatukubaliani nani alitaka nini. Sote wawili tulitaka yote mawili, ila tulipishana.

Nyumbani, Tantine hakuwa akiuliza. Alijua tunachokizungumza, kwa sababu jiko lilipakana na chumba cha friza na ukuta ulikuwa wa mbao. Mwaka ule alikuwa amegunduliwa kuwa na kisukari, na mimi ndiye niliyekuwa nikienda naye kwa daktari, nikikaa kwenye kiti cha tatu, nikigeuza maneno ya daktari kuwa yake na yake kuwa ya daktari. Mchana mmoja nilimsikia akizungumza na dada yake aliyeko Uvira, simu ikiwa imewekwa juu ya frigo kwa sauti kubwa kama kawaida yake. "Furaha? Ule ni dokta sasa," alisema. "Inabakia tu bamupatie koti yake." Dada yake akapiga kigelegele huko. Nikacheka peke yangu, kalamu mkononi. Kisha Tantine akaishusha simu, akaiweka sikioni, na sauti yake ikashuka pia. Nilisikia vipande tu. "Kichwa inanisumbua juu ya ule mutoto," alisema. Na baadaye, akimwita dada yake kwa heshima, "Sijue, yaya. Nitamwambia nini miye?" Nilikaa pale nikijaribu kuviunganisha vile vipande. Nikamfuata jikoni siku iliyofuata, alipokuwa akitwanga sombe, nikamuuliza waziwazi. "Tantine, wewe unaonaje? Niende mjini au nibaki?"

Hakuinua macho. "Uende," akasema.

"Na wewe je? Na daktari wako?"

"Miye niko mutu mukubwa. Uende kwenye masomo iko muzuri." Akaendelea kutwanga. Nilisimama pale nikingoja aongeze neno, hata neno la kunikataza, ili nipate kitu cha kupingana nacho. Akaniambia nimpe chumvi.

Ugomvi wetu ulitokea Jumamosi, mchana, juu ya sahani ya bugali na ndakala. Muda wa kupeleka maombi ya uhamisho ulikuwa unakaribia kwisha. Wairimu alisema, "Furaha, wewe amua tu. Mimi nitakufuata." Nikamwambia mimi ndiye niliyekuwa nangoja kumfuata yeye. "Sasa kama kila mtu anafuata, nani yuko mbele?" akauliza, na kwa siku nyingine tungecheka. Lakini tulikuwa tumechoka. Nikamwambia hilo jambo ni la mama yake, kwamba mama yake anaona haya kutaja tunaposoma mbele ya wauguzi wenzake. Akaacha kula. Akasema, "Na wewe huogopi kampasi. Unaogopa kukosa udaktari halafu ukose mtu wa kulaumu. Ndio maana unauliza kila mtu. Ukiambiwa na watu wengi, ukianguka utaanguka na wao." Alisema kwa Kiswahili chake cha Nyeri, polepole, na kila neno lilifika. Alikusanya vitabu vyake, akavaa viatu mlangoni bila kufunga kamba, akaondoka. Tantine alikuwa kwenye sinki, maji yanatiririka. Alipofunga bomba, alimwekea Wairimu chakula kwenye bakuli lenye mfuniko, kama alivyokuwa akifanya kila mara, na ndipo akagundua kwamba ameshakwenda. Bakuli likaingia kwenye friza.

Hatukuzungumza kwa majuma. Kwenye mihadhara alikaa mbele, mimi nikakaa nyuma. Ile meza ya maktaba tuliiepuka wote wawili, ikakaliwa na vijana wa uhandisi. Nilijaribu kuamua kama mtu mzima. Nilikaa kitandani nikajiuliza ningetaka nini kama kusingekuwa na Wairimu, wala mama yake, wala Tantine, wala wale waliosema inategemea, na nilichokipata ni ukimya. Kisha msichana mmoja wa darasani akaniambia, kama habari ya kawaida, kwamba Wairimu ameshapeleka maombi ya kuhamia mjini. Nakumbuka nilivyojisikia: si huzuni, ila wepesi, kama mtu aliyeondolewa mzigo na mwenye mzigo wake. Basi, mambo yameamuliwa. Nikapeleka yangu mchana ule ule. Nilidhani tutakutana kule, siku ya kwanza, na kwamba atakaponiona mlangoni ugomvi utakuwa umekwisha bila mtu kuomba radhi. Majibu yalipokuja kwamba nimekubaliwa, nilimwambia Tantine akiwa anakunja nguo. Akasema, "Asante Mungu," akaendelea kukunja kitenge kile kile, akakikunjua, akakikunja tena.

Siku ya kwanza ya muhula nilifika mapema, nikasimama kwenye mlango wa vioo. Watu waliingia kwa makundi. Nikangoja hadi mhadhara wa kwanza ukakaribia kuanza, nikashindwa kuvumilia, nikampigia.

"Uko wapi?" nikamuuliza, kama vile tulikuwa tumezungumza jana.

Alipojibu, sauti yake ilikuwa na furaha. "Niko kwa maktaba, ile meza yetu. Nimefukuza wale vijana. Nimekuwekea kiti. Wewe uko wapi?"

"Niko mjini."

"Mjini wapi?"

"Kampasi ya mjini, Wairimu. Niko mlangoni nakungoja."

Nyuma yake nilisikia mashine ya kunakili ikianza, ule mlio niliouzoea. "Aki, Furaha," akasema, na hakusema kingine. Baadaye aliniambia kwamba kweli alikuwa amepeleka maombi, lakini akayaondoa. Nilipomuuliza kwa nini, alisema alibadilisha mawazo tu. Nikamwambia ningejua nisingehama. Akasema naye angejua ningehama asingebaki. Hatukuwa na hasira tena, maana hapakuwa na wa kumkasirikia. Nilijaribu kurudi. Waliniambia haiwezekani kabla ya mwaka kwisha, na kwamba nikirudi, baadhi ya masomo ya mjini nayo huenda yasihesabiwe magharibi.

Ule muhula nilikuwa mtu wa treni. Nilisoma nimesimama, nikala mkate kwenye ngazi, nikakaa kwenye mihadhara ya watu wengi ambao hawakuwa wabaya kwangu, ila walikuwa na marafiki tayari. Alama zangu zilishuka, kama tulivyoonywa. Wakati huo huo kilitokea kitu ambacho sikukitegemea. Katika maabara ya anatomia tulipewa mkono wa kujifunzia, wa mtu mzee aliyeutoa mwili wake kwa chuo. Kucha zake zilikuwa zimekatwa vizuri. Nilifuata mshipa mmoja kutoka kiwiko hadi kidole kwa kibano, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kusema nataka udaktari, nilijua kwamba ninautaka, mimi mwenyewe, hata kama pasingekuwa na mtu wa kujivunia. Nilitoka pale nimejaa furaha, nikafika ukumbini, nikakumbuka kwamba sina mtu wa kumwambia. Siwezi kusema nilikosea kwenda, kwa sababu ya mkono ule. Siwezi pia kusema nilifanya vema. Mchana ule nilikaa kwenye benchi nikalia, na kama ungeniuliza nalia nini ningesema inategemea.

Tantine alikuja huko mara moja. Hakuwa mtu wa mjini. Kwake Sydney ilikuwa Granville, Smithfield, kanisa na kliniki. Siku moja baada ya mhadhara wa mchana nilitoka nje nikamwona kwenye benchi, amevaa koti lake la kazini juu ya kitenge, mfuko wa plastiki mapajani. Alikuwa amepotea, akashuka kituo kisicho chake, akaonyesha watu jina la chuo kwenye simu mpaka akafika. Nikamkimbilia nikidhani kuna msiba.

"Hakuna kitu," akasema. "Nilisema nikuje nione kwenye unakuwaka." Akainua kichwa akalitazama jengo nililokuwa nikishinda humo mpaka juu. "Njo hapa?"

"Ndiyo hapa, Tantine."

"Bantu bote banakimbia." Akafungua mfuko. Alikuwa ameleta sombe na bugali iliyofungwa kwa karatasi ya foili, bado ina joto kidogo, na tulikula kwa mikono pale, wanafunzi wakipita. Aliniambia nimekonda. Aliniuliza kama nina rafiki. Nikasema bado. Kisha akauliza, "Na Wairimu?"

"Alibaki kule."

"Alibakia," akasema Tantine, akalitafuna lile neno pamoja na chakula. Akautazama tena ule mlango wa vioo. Nilidhani anafikiria njia ya kurudi, nikamwambia nitamsindikiza hadi nyumbani. Akakataa, kisha akakubali. Kwenye treni alilala kichwa chake kikiwa begani kwangu.

Wanaoniuliza siku hizi, na wapo, maana nina kliniki na vijana wa kwetu hunijia na maswali haya haya, hutaka niwaambie ni kampasi ipi iliyotufikisha. Ningependa kuwajibu. Wairimu, aliyebaki magharibi, aliitwa kwenye usaili mara ya kwanza tu alipoomba, akapata nafasi. Alisoma udaktari miaka miwili, akauacha, akaenda kusomea ukunga, na sijawahi kumwona mtu anayeipenda kazi yake kama yeye. Mimi niliyekwenda mjini nilikataliwa, nikafanya kazi ya kuwatunza wazee, nikaomba tena, nikakataliwa tena, nikapata baadaye katika chuo cha mbali na Sydney. Kwenye usaili waliniuliza mambo mengi, hakuna aliyegusa kampasi. Lakini mwanamke mmoja pale mezani alitaka kujua ni lini nilikuwa na hakika, nikamweleza juu ya ule mkono, na nikaona ameacha kuandika ili anisikilize. Kwa hiyo sijui. Mama Wairimu, hadi leo, husema angalau mmoja wetu alipaswa kumsikiliza.

Siku ile ya pili baada ya maziko, kina mama walipoanza kuimba sebuleni, mimi na Wairimu tulikwenda jikoni kuosha masufuria. Yeye aliosha, mimi nikafuta. Tulirudi kwenye ule ubishi wetu wa nani alitaka kuhama, kwa utani sasa, na nikamuuliza kitu nilichokuwa nimekiacha tangu tukiwa vijana. Nikamwambia, "Lakini kwa nini uliondoa maombi yako? Usiniambie ulibadilisha mawazo."

Aliendelea kusugua ukoko chini ya sufuria. "Sasa naweza kukwambia," akasema. "Tantine alikuja kwetu. Ile wakati tulikuwa hatuongei. Mama alikuwa kazini, nilikuwa peke yangu. Alikuja na lile bakuli, lile aliniwekea siku tuligombana, alikuwa ameliweka kwa friza. Akakaa kwa kiti cha karibu na mlango, hata koti hakutoa. Akaniambia, Wairimu, mwanangu, wewe ukibaki, Furaha atabaki. Baki. Nikamuuliza, si umwambie mwenyewe? Akasema hawezi. Akasema akikuambia ubaki na ukose udaktari, atakuwa yeye ndiye aliyekukosesha. Halafu akaniapisha nisiseme."

Nilikuwa nimeshika mfuniko, nikauweka chini. "Mimi aliniambia niende," nikasema. "Nilimuuliza hapa hapa. Alikuwa amesimama hapo ulipo. Akasema, 'Uende.'"

"Najua. Aliniambia pia hiyo. Alisema, nimemwambia aende, sasa wewe nisaidie abaki."

Nilijaribu kukasirika, nikaona sijui nianzie wapi. Nilimfikiria kwenye ile benchi, akiwa amepotea njia yote ile na chakula mfukoni, amekuja kuniona mahali alikokuwa ameniambia niende na kuomba kwa siri nisiende. Nilifikiria miaka yote baadaye ambayo tuliishi naye, chai zote, safari zote za kliniki, na hakuwahi kusema hata nusu neno. "Sasa alitaka nini?" nikamuuliza Wairimu. "Wewe ulimwona uso. Alitaka nini hasa?"

Wairimu akatoa mikono majini, akafikiri kwa bidii, uso wake ukiwa ule ule wa chumba cha friza. "Alitaka uende," akasema, "na ubaki." Akarudisha mikono majini. "Kwa wakati mmoja. Aki, Furaha, hata angekuwa na wewe wawili bado angehangaika."

Nikaanza kucheka. Naye akaanza, akajizuia kwa sababu ya nyimbo za sebuleni, na kujizuia kukatuzidishia kicheko, tukaishia tumeinamia sinki, mabega yanatikisika, machozi yanadondokea kwenye maji ya sabuni. Mmoja wa kina mama akaja mlangoni, akatuona kwa nyuma. Akaja kimya, akatukumbatia wote wawili kwa mikono yake minene, akasema, "Pole, batoto yangu, pole. Mulie tu." Wairimu akanikanyaga mguu nisiseme neno. Sikusema. Nilikuwa nimeegemea kifua cha yule mama, na kufikia hapo sikuwa na hakika tena kwamba alikuwa amekosea.